Bilioni 104.8 na kaunta buku

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi. Kazi zilikuwa nyingi na stima ya Moi's Bridge mnaijua tabia yake. Haya, leo nimerudi na sina habari za PHP wala Python. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya misimbo vumilieni kidogo, kuna hifadhidata huko mbele, ila lazima tupitie kituo cha afya kwanza.

Kilichonichokoza ni barua pepe ya msomaji mmoja. Aliuliza hivi: wewe ni mtu wa programu, una digrii ya kompyuta, mbona hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa kusifu serikali kwa kuweka huduma za afya kwenye mtandao? Si ndiyo tunayotaka? Gharama zishuke, wagonjwa wapone?

Swali zuri. Jibu langu ni kwamba kompyuta (mwalimu wangu wa Kiswahili angesema tarakilishi, anisamehe) haijawahi kumponya mtu yeyote, na haijawahi kushusha gharama yoyote kwa kuwepo tu. Inafanya hivyo pale tu inapomwambia mhudumu fulani, siku fulani, afanye jambo fulani kwa mgonjwa fulani, na mhudumu huyo akawa na uwezo wa kulifanya. Ukiondoa hapo unabaki na mashine ya risiti. Na nchi hii imenunua mashine ya risiti kubwa sana.

Sasa mtasema nimeanza matusi mapema. Basi ngoja nitoe ushahidi, na sitauleta kutoka Marekani wala Estonia. Nitauleta kutoka hapa hapa kwetu, kwa sababu jambo linaloniuma zaidi ni kwamba majibu ya swali hili yalipatikana kwenye barabara zetu za vumbi zaidi ya miaka 20 iliyopita, na walionunua mifumo Nairobi wanafanya kama hayakuwahi kutokea.

Ukitoka Moi's Bridge ukapita Eldoret, ukashika barabara ya kwenda Kapsabet, unafika Mosoriot. Hapo pana kituo cha afya cha kawaida kabisa. Februari 2001, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na wenzao wa Indiana walifunga hapo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Mnajua walitumia nini? Microsoft Access. Ndiyo, ile ile Access ambayo mkiiona kwenye tangazo la kazi mnacheka. Pamoja nayo waliweka umeme wa akiba ili stima ikipotea kazi isilale, na fomu moja ya karatasi. Fomu hiyo ndiyo iliyokuwa ujanja wenyewe, kwa sababu iliondoa yale madaftari mengi ambayo nesi alikuwa akiandika jambo moja mara nne au tano. Mgonjwa akimaliza, karani anaingiza fomu kwenye kompyuta. Miezi sita ya kwanza waliingiza ziara 10,000 za wagonjwa 6,190.

Halafu wakafanya kitu ambacho wauzaji wetu wa mifumo hawafanyi kamwe: walipima. Walikuwa wamefuata wagonjwa na wahudumu wakiwa na saa mkononi kabla ya mfumo, na wakarudia baada yake. Ziara ya mgonjwa ilipungua kwa asilimia 22. Muda wa kukaa kwenye foleni ulipungua kwa asilimia 38. Muda wa mgonjwa kukaa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Na wahudumu walipata muda zaidi wa shughuli zao binafsi, jambo ambalo waandishi walilichapisha bila haya kwenye jarida la kitaalamu. Mimi naamini ilikuwa chai :-)

Nawapenda watu hawa kwa ukweli huo. Lakini tazama ile asilimia 58 kwa makini. Kama mgonjwa anakaa na tabibu muda usiofika hata nusu ya ule wa zamani, huo ni ushindi au ni hasara? Inategemea. Kama muda uliokatwa ulikuwa wa kuandika kwenye madaftari, ni ushindi. Kama ulikuwa wa kumsikiliza, ni hasara. Saa ya mkononi peke yake haiwezi kukujibu. Ndiyo maana mimi mtu akiniambia mfumo wake "umepunguza muda wa huduma" namuuliza: na mgonjwa alipona? Wengi hunitazama kama nimeuliza bei ya mahindi.

Kilichofuata Mosoriot kinajulikana duniani kuliko kinavyojulikana Matunda. Mpango wa AMPATH ulianza mwaka huo huo wa 2001 kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI, wagonjwa wakawa maelfu kwa maelfu, na Access ikaanza kulia. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, pamoja na Hamish Fraser wa Partners In Health, wakaanzisha OpenMRS. Ni programu huria, imeandikwa kwa Java juu ya MySQL, mtu yeyote anaweza kuipakua, kuisoma na kuibadilisha. Kliniki za AMPATH zilihamia huko mwaka 2006. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 40. KenyaEMR iliyo kwenye kliniki zetu za HIV imejengwa juu yake, UgandaEMR vilevile. Yaani moja ya programu za hospitali zinazotumika sana katika nchi maskini ilitokana na shida za wagonjwa wa Uasin Gishu na Nandi. Ukimwuliza kijana anayesomea kompyuta Eldoret leo atakutajia Facebook ilianza wapi, lakini hii hataijua.

Sasa njooni tuone ilivyoponya, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Wakati ule mgonjwa wa HIV alipaswa kupimwa chembe za CD4 kila baada ya muda. Tabibu mwenye foleni ya watu 40 husahau. Si mbaya, ni binadamu. Pale Eldoret wakaifanya OpenMRS isome faili la kila mgonjwa anayekuja siku hiyo, itoe muhtasari wa ukurasa mmoja, na kama kipimo kimechelewa iandike chini: mgonjwa huyu anadaiwa kipimo cha CD4. Muhtasari ukachapishwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya faili. Katika kliniki iliyopewa karatasi hizo, kuagizwa kwa kipimo kulipanda kutoka asilimia 42 hadi 63. Kwa watoto wakafanya jaribio kali zaidi, wengine wakapata vikumbusho na wengine wasipate, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kazi zilizochelewa zilitekelezwa kwa asilimia 68 palipo na kikumbusho, na asilimia 18 pasipo nacho. Kumi na nane! Tabibu ni wale wale, dawa ni zile zile, mishahara haikuongezwa shilingi. Kilichotofautisha ni sentensi moja kwenye karatasi.

Hapa nawaomba wenzangu wa programu mtulie kidogo. Hakukuwa na skrini ya kugusa. Hakukuwa na akili bandia. Tabibu hakuhitaji hata kugusa kompyuta. Kilichokuwepo ni hifadhidata safi, masharti machache ya kama hivi basi vile, na printa. Mtu wa mwaka wa pili chuoni anaweza kuandika masharti yale. Ugumu ulikuwa kwenye kujua ni sentensi gani iandikwe, na hilo hulijui mpaka ukae kliniki uone foleni.

Mfano mwingine, na huu naupenda kwa sababu uko kwa Kiswahili chetu. Kati ya 2007 na 2008 watafiti wa WelTel walichukua wagonjwa 538 waliokuwa wakianza ARV katika kliniki tatu za Kenya, nyingine za Nairobi na nyingine Kajiado. Nusu yao walikuwa wanapata SMS kila wiki kutoka kwa nesi. Ujumbe wenyewe: "Mambo?" Basi. Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, nesi alimpigia simu. Matokeo yalitoka kwenye Lancet mwaka 2010: waliokuwa wakimeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 dhidi ya 50 ya wenzao, na waliofaulu kuvizima virusi asilimia 57 dhidi ya 48. Gharama ya SMS ilikuwa kama dola 20 kwa mwezi kwa wagonjwa 100. Ndiyo, kwa wote 100.

Jaribio jingine lilifanyika kituo cha afya cha Chulaimbo, upande wa Kisumu, likachapishwa 2011. Hapo waliopewa kikumbusho cha kila wiki walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa kwa asilimia 53, wasiopewa 40. Lakini waliotumiwa kila siku hawakupata faida yoyote. Mnaelewa maana yake? Ukimsumbua mtu kila siku anakuchukulia kama matangazo ya bahati nasibu. Ujumbe zaidi haukuwa dawa zaidi. Kila ninapoona programu mpya ya afya inayojivunia kutuma arifa tano kwa siku namkumbuka mtu wa Chulaimbo akiizima simu.

Na tofauti ya "Mambo?" na kikumbusho ni kwamba mtu anaulizwa hali na kuna mtu upande wa pili anayesubiri jibu. Kwa mwanaprogramu, hiyo ni sehemu ya programu isiyoandikwa kwa Java. Inaitwa nesi.

Nisije nikaonekana nahubiri simu. Hapa kwetu pia kuna jaribio lililoonyesha ukomo wa simu, na wauzaji hawalitaji. Maeneo ya Kosirai na Turbo, wahudumu wa afya wa jamii walipewa simu zenye programu ya kuwasaidia kuzungumza na watu wenye presha ya juu, wawashawishi waende kliniki. Matokeo yalichapishwa 2019. Watu walikwenda kliniki zaidi kuliko wale wa huduma ya kawaida. Programu ilifaulu! Lakini presha yenyewe haikushuka kwa tofauti inayoweza kusimama kitakwimu. Mtu alishawishiwa, akalima jasho mpaka kituoni, na namba kwenye mkono wake karibu ikabaki na jirani yake ambaye hakuona simu.

Presha haishuki kwa kufika kliniki. Inashuka kwa kidonge, kimezwe leo na kesho na mwezi ujao. Na kila mtu wa huku anajua maneno ambayo mgonjwa hukutana nayo dirishani: dawa hakuna, nenda ukanunue nje. Watu wa AMPATH walilijua hilo pia, na tangu 2011 walikuwa wameanza kujenga maduka ya dawa yenye mfuko unaozunguka. Ni rahisi hivi: dawa ya serikali ikiwepo unapewa ya serikali. Ikikosekana, pembeni pana duka la akiba linalouza kwa faida ndogo ya kutosha kununua shehena inayofuata. Katika vituo vya kwanza kupatikana kwa dawa kulipanda kutoka chini ya nusu hadi zaidi ya asilimia 90. Teknolojia iliyotumika zaidi hapo ni kujumlisha na kutoa.

Tanzania walifanya la kwao kati ya 2009 na 2010, likaitwa SMS for Life. Wilaya tatu, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, vituo 129. Kila wiki kituo kinapokea SMS: zimebaki dawa ngapi za malaria? Kinajibu. Mganga wa wilaya anaona ramani na kuhamisha dawa kutoka kilipozidi kwenda kilipokosa. Wiki ya kwanza vituo vilivyokuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa ya malaria vilikuwa asilimia 78. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Dawa nyingi zilikuwepo wilayani muda wote, ila hakuna aliyejua ziko kabati lipi. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta, wandugu. Kujua kabati lipi.

Sasa twende Nairobi.

Mwaka 2015 serikali ilikodisha mashine za hospitali kwa kaunti zote, hospitali 98, kwa mkataba wa miaka saba wa shilingi bilioni 38. Bei ikapanda baadaye. Kamati maalum ya Seneti ilipochunguza mwaka 2020 ilikuta mashine zilizokaa bila kazi kwa sababu hakuna mtaalamu, au hakuna umeme wa kutosha, au hakuna maji. Kulikuwa pia na mkataba wa pembeni wa karibu bilioni 5 wa kuziunganisha hospitali hizo 98 kwa kompyuta. Ukavunjwa, ukaishia mahakamani.

Mtu angedhani tumejifunza. Mwaka 2023 zikapitishwa sheria mpya nne za afya, mbili kati yake zikiwa ile ya bima ya afya ya jamii na ile ya afya ya kidijitali. NHIF ikazikwa na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Chini yake kuna mfumo wa kompyuta uliopewa muungano wa kampuni ulioongozwa na Safaricom, kwa shilingi bilioni 104.8 kwa miaka kumi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, katika ripoti iliyotoka 2025, aliandika kwamba mfumo huo haukununuliwa kwa zabuni ya ushindani, na kwamba serikali haimiliki mfumo wenyewe wala haki zake. Mimi huwa nasoma mikataba ya programu kwa sababu ndiyo kazi yangu, na naweza kuwaambia kwamba mteja asiyemiliki msimbo wala kuudhibiti huitwa mpangaji. Tofauti ni kwamba mpangaji wa kawaida anaweza kuhama.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Bilioni 104.8 kwa miaka kumi ni karibu bilioni 10.5 kwa mwaka. Mkenya anayelipa kima cha chini cha SHA, shilingi 300 kwa mwezi, anatoa 3,600 kwa mwaka. Gawanya. Inahitaji watu karibu milioni 2.9 wa kima cha chini, mama mboga, mtu wa boda, mkulima wa ekari mbili huku Ziwa, watoe mchango wao wa mwaka mzima ndipo bili ya mfumo wa mwaka mmoja itimie. Kabla hata ya panadol moja.

Wizara imejitetea kwamba pesa hazikutolewa mkupuo, kwamba wawekezaji walitia mtaji wao na watalipwa kidogo kidogo kadiri mfumo unavyotumika. Sawa. Lakini mfumo unaolipwa kwa asilimia ya pesa zinazopita ndani yake unafurahia nini? Unafurahia pesa zipite nyingi. Mgonjwa wa presha aliyedhibitiwa kwa kidonge cha amlodipine cha shilingi chache anapitisha vijisenti. Yule ambaye hakudhibitiwa, figo zikafa, akienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, SHA inalipa shilingi 10,650 kila mara. Hiyo ni mara 104 kwa mwaka, shilingi 1,107,600 kwa mtu mmoja. Sisemi kuna mtu anayetamani figo za Wakenya zife. Nasema ukitaka kujua mfumo utaelekea wapi, usisome hotuba ya uzinduzi, soma kifungu cha malipo.

Lazima niwe mkweli upande wa pili. NHIF ya karatasi ililiwa kama shamba lisilo na mlinzi, hospitali hewa, wagonjwa hewa, upasuaji hewa. Mfumo wa sasa unakamata madai ya uongo kwa namna ambayo karatasi isingeweza, na mwaka 2025 hospitali kadhaa zilifungiwa kwa sababu hiyo. Hiyo ni akiba halisi, na anayeipinga labda naye alikuwa mezani. Sitaki turudi huko.

Lakini kuzuia wizi na kuponya ni kazi mbili. Mfumo wa madai unajua kwamba mama alijifungua kwa upasuaji na bili ilikuwa kiasi gani. Haumuulizi nesi siku ya saba kama presha ya mama huyo ilipimwa. Unapomsajili mkulima ambaye hana payslip unamuuliza maswali juu ya nyumba yake na mali yake ili ukadirie atalipa ngapi. Tunajua kuta zake ni za nini. Presha yake iko kwenye kaunta buku, mstari wa 14, kwa kalamu ya buluu, na kaunta buku likijaa linapanda juu ya kabati.

Na hapa Moi's Bridge kuna kichekesho cha ziada. Mji wetu umekaa mpakani. Upande huu Uasin Gishu, ukivuka Nzoia uko Trans Nzoia, na Kakamega ya Likuyani iko pale karibu. Mgonjwa wetu akizidiwa hupelekwa Eldoret au Kitale kulingana na gari lililopatikana kwanza. Watu wa Bungoma nao huja juu kupitia Webuye na wanaijua safari hii. Akivuka daraja anakuwa mtu mpya. Namba mpya ya faili, kadi mpya, na vipimo vilevile vya damu alivyopimwa juzi vinarudiwa kwa sababu majibu yamebaki upande wa pili wa mto. Kila kipimo kinachorudiwa ni pesa, na ni siku nyingine ya mgonjwa kusubiri. Kama kuna kitu kimoja ambacho mfumo wa taifa zima ungeweza kufanya na kliniki moja haiwezi, ni kuvusha ukurasa mmoja juu ya Nzoia. Huo ukurasa ndio ungekuwa wa kwanza kujengwa kama mimi ningekuwa na kalamu. Badala yake kilichojengwa kwanza ni mlango wa kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, kwanza kwa namba ya siri ya kwenye simu, kisha kwa alama ya kidole. Mwulize nyanya ambaye simu yake iko kwa mjukuu Nairobi, au ambaye vidole vyake vimelainika kwa miaka 50 ya jembe, mlango huo ulivyo mzito.

Najua tabia hii kwa karibu, haiko serikalini peke yake. Mwaka juzi kliniki moja ya binafsi, sitaitaja, ilinipa kazi ya kuiandikia programu. Waraka wa mahitaji ulikuwa kurasa 11. Risiti, punguzo, madeni, zamu za keshia, ripoti ya mapato ya kila jioni. Neno mgonjwa lilionekana, ndiyo, katika sentensi inayosema mgonjwa asitoke kabla hajalipa. Nikapendekeza ukurasa wa wagonjwa wa sukari ambao hawajarudi kwa miezi mitatu, nikasema nitauandika bure. Nikaambiwa tuweke kwa awamu ya pili. Wenzangu mnaijua awamu ya pili. Ni kama kesho ya fundi wa viatu.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wengine watasema: hayo ya Mosoriot na Eldoret yalikuwa pesa za wafadhili, yalikuwa majaribio, na ukweli ni kwamba Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wahudumu wengi wa kliniki za HIV waliambiwa wakae nyumbani. Kwa hiyo bure yako si bure. Kweli kabisa. Lakini tazama kilichobaki. Mfadhili akiondoka, msimbo wa OpenMRS haukuondoka naye. Uko pale, unaweza kuupakua usiku wa leo. Kaunti ikitaka inaajiri vijana wanne wa kuutunza, na hao vijana wako, wengine wanauza line za simu stendi ya Kitale. Kinachokosekana ni mishahara yao, si akili. Sasa jiulize kampuni ikiondoka na mfumo ambao si wetu, kitabaki nini? Kaunta buku.

Ninachodai hakihitaji bunge. Wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 walipewa vifaa mwaka 2023, mashine ya presha na ya sukari ikiwemo, na simu zenye programu ambayo, kwa bahati njema, imejengwa juu ya programu huria. Namba za presha zinaingia humo kila siku kutoka kila kijiji. Basi kila kaunti itangaze kila robo mwaka: watu wangapi wamekutwa na presha, wangapi wako kwenye dawa, na wangapi presha yao imeshuka. Namba tatu. Karibu nazo iwekwe ya nne, siku ngapi duka la dawa la kila kituo lilikosa amlodipine na metformin. Na mfumo wa taifa upeleke kikumbusho kwa nesi kabla haujapeleka bili kwa mtu yeyote. Kama mfumo wa bilioni 104.8 hauwezi kutoa namba hizo nne kwa kituo cha afya cha Moi's Bridge, basi waziri yeyote asituambie umeshusha gharama, maana hajui gharama ya nini.

Makala ijayo nitarudi kwenye misimbo, msikate tamaa. Nina kompyuta kuukuu ya ofisi niliyoinunua kwa mtu hapa Matunda, nitaisakinisha OpenMRS kutoka mwanzo, na nitaonyesha jinsi ya kuandika kikumbusho kimoja cha mgonjwa wa presha ambaye hajarudi kwa siku 60, kiende kwa simu ya nesi kwa Kiswahili. Aliye na kituo kidogo kati ya Kitale na Bungoma na angependa kukijaribu aniandikie, siuzi chochote. Awe tu na printa inayofanya kazi.